Maisha ya Enoch Sontonga, Mwalimu Aliyetunga Wimbo Wetu



Kila siku ya shule, bendera inapopandishwa, twasimama wima na kuimba Wimbo wa Taifa. Wanafunzi huuimba, walimu huuimba, na wazazi wanaokuja siku ya mahafali huuimba pamoja nasi. Hata hivyo nimekwisha kuuliza katika vidato vyote jina la mtu aliyeutunga, na waliolijua hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Kwa sababu hii nimeona vema nitumie nafasi niliyopewa katika gazeti letu la muhula huu kusimulia maisha yake. Alikuwa mwalimu wa shule. Alifundisha kwaya, kama ninavyofanya mimi. Na kazi yake kubwa aliiandika katika daftari la kawaida, kama hayo mliyo nayo madawatini.

Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga. Alizaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, mji ulio upande wa mashariki wa Cape, Afrika ya Kusini. Kwa kabila alikuwa Mxhosa. Wakati ule watu wake walikuwa wanamalizia vita vya mwisho kati ya vita tisa walivyopigana na Wazungu kwa muda wa miaka mia moja, tangu 1779 hata 1879. Walishindwa, na ardhi yao nyingi ikachukuliwa. Kijana wa Kiafrika aliyetaka kujiendeleza alikuwa na njia chache sana, na iliyo wazi kuliko nyingine ilikuwa shule za misheni. Sontonga akaenda Lovedale, chuo kilichofunguliwa na wamisionari wa Scotland mwaka 1841, akasomea ualimu.

Yafaa tukae kidogo hapo Lovedale, kwa maana ndipo ilipo chemchemi ya habari yetu. Katika nchi ile mito miwili ya nyimbo ilikuwa imekutana. Mto wa kwanza ulikuwa wa Waxhosa wenyewe. Miaka mingi kabla ya Sontonga kuzaliwa, alikuwapo Mxhosa mmoja aitwaye Ntsikana, aliyefariki mwaka 1821. Huyu aliiamini Injili akatunga nyimbo za kumsifu Mungu kwa lugha yake na kwa mahadhi ya kwao. Nyimbo zake hazikuandikwa; zilikaa katika vifua vya watu na kupita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, hata baadaye John Knox Bokwe, mtu wa Lovedale, akaziandika.

Mto wa pili ulikuwa wa tenzi za Waingereza, zilizokuja pamoja na solfa. Wanakwaya wetu waijua solfa vizuri: do, re, mi, fa, so, la, ti. John Curwen wa Uingereza aliieneza katika karne ya 19 ili watu wa kawaida, wasio na piano wala fedha za kununulia vitabu vya nota, waweze kuimba sauti nne kwa kusoma ubaoni. Jambo hili lilikuwa msaada mkubwa kwa Afrika. Mwalimu mwenye ubao na chaki tu aliweza kuwafundisha watoto mia moja wimbo wa sauti nne, na akiwa na kipaji aliweza kuandika wimbo wake mwenyewe. Hata hapa Singida, kuanzia Iramba mpaka Manyoni, kwaya nyingi zimejifunza kwa njia hiyo hiyo.

Sontonga alipokwisha kuhitimu, mwaka 1896 alipelekwa kufundisha shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Kutoka kwao hata huko ni safari ndefu, na maisha aliyoyakuta yalikuwa tofauti kabisa. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1886, na katika muda wa miaka kumi tu mahali palipokuwa pori pakawa mji mkubwa. Waafrika walikuja kwa maelfu kutoka pande zote ili kuchimba dhahabu chini ya ardhi. Mishahara ilikuwa midogo, kazi ya hatari, na sheria za pasi ziliwafunga kama kamba. Wake na watoto walibaki mashambani.

Tena miaka ile ile ikaja sotoka. Ugonjwa huu wa ng'ombe ulianza katika pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ukapita Afrika ya Mashariki yapata mwaka 1890, ukateremka kusini, na mwaka 1897 ukawa umefika kwa Waxhosa. Ng'ombe walikufa kwa wingi usio na kifani. Msomaji wa Singida, aliyelelewa kwa maziwa na kuona mahari ikihesabiwa kwa mifugo, hahitaji kuelezwa maana ya zizi kubaki tupu. Watu wengi waliopoteza ng'ombe wao walilazimika kwenda kutafuta kazi migodini, na watoto wa watu kama hao ndio waliokaa katika madarasa ya miji ile.

Katika hali hiyo Sontonga alifanya kazi zake. Darasani alikuwa mwalimu. Kanisani alikuwa mhubiri na kiongozi wa kwaya. Na tena alikuwa mpiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji wa Kanisa la African Methodist Episcopal, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume. Alitunga nyimbo nyingi, maneno pamoja na mahadhi, kwa ajili ya wanafunzi wake, akaziandika katika daftari. Waliozisikia wamesimulia kwamba nyingi zilikuwa nyimbo za huzuni, kwa kuwa macho yake yaliona taabu ya watu kila siku.

Mwaka 1897 aliandika katika daftari lile ubeti mmoja na kiitikio cha wimbo ambao dunia yaujua kwa jina la Nkosi Sikelel' iAfrika. Ni wimbo mfupi wa sauti nne. Kwa umbo lake ni sala: wamwomba Mungu aibariki Afrika na asikie maombi ya watu wake, na kiitikio chake chamwita Roho Mtakatifu ashuke. Ndani yake hamna jina la adui wala laana kwa mtu yeyote. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani, na siku yenyewe haikuwa ya siasa: ilikuwa siku ya kubarikiwa Mchungaji Boweni, Mtsonga, kuwa mchungaji wa Kimethodisti.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa maana liko jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Muhula uliopita palizuka ubishi katika kwaya yetu. Kijana mmoja alileta wimbo alioutunga, na baadhi ya wenzake wakasema si wake, kwa kuwa mahali pawili pa wimbo huo pafanana na utenzi wa kanisani. Wengine wakasema kwamba wimbo wa dini hauwezi kuwa wa mtu hata kidogo, kwa kuwa hutoka kwa Mungu. Nilisikiliza pande zote mbili, na leo nawajibuni kwa habari za Sontonga.

Kwanza, juu ya kufanana. Wako watu waliosema kwamba mahadhi ya Sontonga yametoka katika utenzi uitwao Aberystwyth, uliotungwa na Joseph Parry wa Wales na kuchapishwa mwaka 1879. Nimeziandika nyimbo zote mbili ubaoni kwa solfa nikazilinganisha. Ni kweli kwamba zote mbili zapanda na kushuka kwa hatua fupi fupi, na sauti zake nne zimepangwa kwa utaratibu wa tenzi za Kiingereza. Lakini wimbo wa Parry umejengwa juu ya la, nao una giza na majonzi, hali wimbo wa Sontonga umejengwa juu ya do, nao una uso ulioinuka. Mwanakwaya akiziimba moja baada ya nyingine ataisikia tofauti hiyo mwenyewe. Kwa maoni yangu, hayo yatosha kuonyesha ujirani, wala hayatoshi kuonyesha wizi.

Lakini tuseme hata kwamba alijifunza kwa Parry. Je, wimbo ungekuwa si wake? Mfinyanzi hakuumba udongo, tena alijifunza kazi kwa mama yake, na bado chungu ni chake. Sontonga hakubuni solfa, hakubuni sauti nne, wala hakubuni sala. Vyote alivikuta. Kilicho chake ni kile alichokifanya kwa vitu hivyo. Kumbukeni ulikuwa mwaka gani. Katika mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885 mataifa ya Ulaya yalikuwa yamewekeana kanuni za kugawana Afrika, na kufika mwaka 1897 karibu bara zima lilikuwa limekatwa vipande. Mwalimu huyu, mtu wa kabila moja na kanisa moja, katika shule moja ya misheni, alipochukua kalamu hakuombea Waxhosa peke yao, wala Wamethodisti peke yao, wala watu wa Johannesburg peke yao. Aliiombea Afrika nzima kama nyumba moja. Ndiyo maana naona kwamba upya wa wimbo haupimwi kwa nota tu. Wapimwa pia kwa jambo ambalo mtu amelisema kwa moyo wake katika haja ya watu wake.

Pili, juu ya uvuvio. Mtu mwenye imani husema kwamba kipaji ni zawadi ya Mungu, nami sibishi. Lakini zawadi hiyo ilimkuta Sontonga akiwa tayari. Alikwisha kujifunza kazi yake Lovedale. Alikuwa na kwaya mbele yake iliyongoja kitu cha kuimba. Na alikuwa na desturi ya kuandika. Mvua ni ya Mungu, lakini yule ambaye hakulima hapati uwele hata mvua ikinyesha vizuri. Kwa hiyo wale waliosema wimbo watoka kwa Mungu, na wale waliosema wimbo ni wa mtungaji, sioni kwamba wapingana. Kanuni yangu kwa kwaya ni hii: ukiyachukua mahadhi ya mtu mzima mzima, taja jina lake, ukiwa umejifunza kwake namna ya kutunga tu, mshukuru, kisha andika jina lako bila hofu. Kwa kanuni hiyo wimbo wa kijana wetu ni wake.

Sasa turudi kwenye maisha ya Sontonga. Hayakuwa marefu. Vita vya Waingereza na Makaburu vilianza mwaka 1899 vikaisha mwaka 1902, na miaka mitatu baadaye, tarehe 18 Aprili 1905, mwalimu huyu akafariki akiwa na umri wa miaka 32 hivi. Akazikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, sehemu waliyotengewa Wakristo Waafrika. Hakupata kuona kitabu cha nyimbo zake kikichapishwa, wala hakupata kujua kwamba jambo kubwa lolote litatokana na ule ubeti mmoja.

Daftari lake likabaki kwa mjane wake. Walimu na viongozi wa kwaya walikuwa wakija kuliazima ili wanakili nyimbo, na kwa muda wa miaka mingi likapita mikononi mwa watu, hata mwisho likapotea. Nyimbo nyingi zilizokuwamo zimepotea pamoja nalo. Yasemwa kwamba mjane huyo aliuza haki ya wimbo wenyewe kwa peni sita tu. Alifariki mwaka 1929. Fikirini, wasomaji, jambo hilo: wimbo ulioimbwa na mamilioni haukumpa mke wa mtungaji hata thamani ya mbuzi mmoja.

Daftari lilipotea, lakini wimbo ulikuwa umekwisha kutoka. Walioutoa ni wanafunzi. Huko Natal palikuwa na shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, na kwaya ya shule hiyo, chini ya mwalimu wake Reuben Caluza, iliuimba katika matamasha yake hata ukajulikana sana. Tarehe 8 Januari 1912, wajumbe wa Kiafrika walikutana Bloemfontein kuanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress, na Dube akachaguliwa kuwa rais wa kwanza. Wimbo wa Sontonga uliimbwa baada ya sala ya kufunga mkutano. Mwaka 1923 Sol Plaatje, mwandishi mashuhuri, aliuimba London ukatiwa katika sahani ya santuri. Mwaka 1925 chama kikaufanya wimbo wake wa kufungia mikutano. Mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba, zikachapishwa mwaka 1927.

Hivyo wimbo ukavuka mipaka kuja kaskazini. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mahadhi ya Sontonga yakawa ya Wimbo wetu wa Taifa, kwa maneno ya Kiswahili. Na baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 yakaendelea kuwa ya Tanzania. Zambia nayo yatumia mahadhi hayo hayo kwa maneno yake. Zimbabwe iliyatumia tangu uhuru wake mwaka 1980 hata 1994. Huko kwao Sontonga, ambako watu wengi walifungwa na wengine kuuawa katika kupigania haki, wimbo ukawa mmoja wa nyimbo mbili za taifa mwaka 1994, na mwaka 1997 nyimbo hizo mbili zikaunganishwa kuwa mmoja.

Kaburi lenyewe lilikuwa limesahauliwa. Watu walipolitafuta katika miaka ya 1990 hawakuliona upesi, kwa kuwa walitafuta jina la Sontonga katika daftari la makaburi, hali aliandikwa humo kwa jina la Enoch. Hata lilipopatikana, tarehe 24 Septemba 1996 lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na Rais Nelson Mandela akazindua mnara wa kumkumbuka. Ilikuwa imepita miaka 91 tangu alipozikwa.

Yako mambo mawili ambayo nataka tuyaangalie juu ya wimbo huu ulipofika kwetu. La kwanza ni kwamba maneno ya Kiswahili yana beti mbili, mmoja wa Afrika na mmoja wa nchi yetu, na kile kiitikio cha kumwita Roho Mtakatifu hakimo. Wimbo ulizaliwa katika imani ya Kanisa, lakini uliobaki ni sala ambayo Mwislamu na Mkristo, na mtu anayefuata mila za babu zake, waweza kuisema pamoja bila mmoja wao kuona haya. Katika shule ya serikali kama yetu, ambamo watoto wa dini zote wakaa dawati moja, hilo si jambo dogo. Sontonga hakuificha imani yake ili awapendeze wengine; aliomba kwa ukweli, na kwa kuwa aliombea watu wote, wote wakapata nafasi ndani ya sala yake.

La pili ni kwamba kazi aliyoifanya haikuishia kwake, wala haiko mbali na mkoa wetu. Wakati mrefu makanisa ya Tanganyika yaliimba tenzi zilizotafsiriwa kutoka Ulaya, kwa mahadhi ya Ulaya. Mmarekani mmoja, Mchungaji Howard Olson, aliyefika Tanganyika mwaka 1946 na kufariki mwaka 2010, aliichunguza lugha ya Kinyaturu, yaani Kirimi, na mwaka 1964 ikatoka kazi yake juu ya sauti na muundo wa lugha hiyo. Kinyaturu ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti kwaweza kubadili maana ya neno. Ukilivika neno la namna hiyo mahadhi ya kigeni, waweza kuliharibu. Baadaye alipofundisha chuo cha Makumira, karibu na Arusha, aliwahimiza wanafunzi wake watunge na kukusanya tenzi zenye mahadhi ya Kiafrika. Mmoja wao, Bernard Kyamanywa, alitunga mwaka 1966 wimbo wa Pasaka kwa mahadhi ya Kihaya, na wimbo huo umeingia katika vitabu vya nyimbo vya nchi nyingi. Naye alikuwa mwanafunzi tu alipoutunga.

Basi nina maneno machache kwa kila mmoja. Wazazi, ninyi mwazijua nyimbo za kupura uwele, za kuchunga, za harusi na za kubembeleza watoto, kwa Kinyaturu, Kinyiramba, Kiihanzu na Kigogo. Mkinyamaza, zitapotea kama daftari la Sontonga lilivyopotea, wala hapatakuwa na Bokwe wa kuziandika. Walimu wenzangu, tusimcheke mtoto anayeleta wimbo wenye makosa. Tumwonyeshe mahali pa kutengeneza, tumrudishie. Na ninyi wanafunzi, mnaoweza kuimba nyimbo zote za kwaya zinazosikika redioni, jifunzeni kwazo, lakini msiishie hapo. Mkitunga, andikeni kwa solfa, wekeni jina na tarehe, kisha nakilini mara mbili, nakala moja ikae nyumbani. Mkiazima daftari la mwenzenu, mrudishieni.

Aliye na wimbo wake, uwe wa dini yoyote au wa mambo ya kawaida, aulete ukiwa umeandikwa. Tutauweka ubaoni na kuujaribu kwa sauti zote nne.

Mwalimu wa Kwaya